Kanda za habari za mitaani ziokolewe kabla deki hazijaisha

Ndugu Mhariri,

Kituo cha televisheni kinapohama jengo, kanda zinazopakiwa kwanza ni za ziara za viongozi, mikutano ya vyama na gwaride za sikukuu ya Uhuru. Zinazobaki sakafuni ni zile zenye lebo fupi zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "MAJI TANDALE", "SOKO SAMAKI", "MADAWATI", "NGOMA MBAGALA". Hizo ni habari za dakika moja na nusu au mbili, zilizokuwa zikirushwa mwishoni mwa taarifa, kabla ya michezo. Tunaandika kuomba mpangilio huo ugeuzwe: za mitaani zitangulie. Na kwa kuwa kanda nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa ya kuziokoa, tunaeleza pia kazi yenyewe inavyofanywa.

Hotuba ya mkuu wa nchi ilinaswa na kamera kadhaa, redio ikaitunza, magazeti yakaichapa. Habari ya akina mama wa mtaa mmoja waliokesha kisimani ilipigwa na mpigapicha mmoja, kwenye kanda moja, ikarushwa jioni moja, basi. Kanda hiyo ikifa hakuna nakala pengine popote. Kibaya zaidi, kanda hizo ndizo zilizokuwa zikifutwa na kurekodiwa upya, maana kanda mpya ilikuwa ghali na habari ya kisima haikuonekana kuwa kitu cha kuweka.

Thamani yake mara nyingi iko nyuma ya anayehojiwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Habari yoyote ya wauza pweza au ya vijana wanaoruka baharini iliyopigwa pale kabla ya siku hiyo inaweza kuonyesha varanda, nguzo na mnara wa saa vikiwa vizima, kutoka pembe ambazo wapiga picha za kadi za posta hawakuzijali. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Habari ndogo za bei ya vitunguu zilizopigwa ndani yake ni kumbukumbu ya jengo na ya biashara kwa pamoja. Vivuko vya Kigamboni vilivyosheheni watu na baiskeli kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016 vimo kwenye habari za foleni na za bei ya nauli. Hakuna aliyekwenda kupiga jengo wala kivuko. Vilinaswa kwa sababu vilikuwepo.

Sauti nayo ni hazina. Kwenye kanda za habari mtu wa kawaida anazungumza kwa Kiswahili chake, hajaandaliwa, hajasomewa maswali mapema. Nyuma yake unasikia makondakta wakiita abiria, adhana, jenereta, mchuuzi akitaja bei. Mtafiti wa lugha au wa historia ya miji hapati kitu hicho kwenye ripoti ya wizara.

Kilichomo ghalani hutegemea kituo kilianza lini. Televisheni ya Kenya, iliyokuja kuitwa Sauti ya Kenya, ilianza 1962. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena moja kwa moja na rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Kwa hiyo kwenye maghala ya zamani zaidi unaweza kukuta filamu ya milimita 16, kisha kaseti kubwa za U-matic. Kwenye yale ya miaka ya 1990 utakuta zaidi Betacam SP na S-VHS, halafu DVCAM na MiniDV. Kila moja ina ugonjwa wake.

Filamu ya asetati, plastiki iliyotumika kwa filamu hizo za milimita 16, huoza kwa kutoa asidi, na dalili ya kwanza ni harufu ya siki ukifungua kopo. Filamu za habari zenye mstari wa sumaku wa sauti pembeni huoza haraka zaidi, kwa kuwa chembe za chuma katika mstari ule huchochea uozo. Kopo linalonuka litengwe siku hiyo hiyo, maana mvuke wake huambukiza makopo ya jirani, na lisifungwe kwa mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Futi 400 za filamu hiyo ni kama dakika 11 tu, hivyo kopo lenye vipande vingi vilivyoungwa kwa gundi linaweza kubeba habari saba au nane tofauti. Usivitenganishe kabla ya kuandika mfuatano wake.

Kanda za sumaku, hasa U-matic za miaka ya 1980, hunata. Gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye utepe hunyonya unyevu, ikalainika, na kanda ikipita kwenye hedi za deki, yaani ncha zinazosoma utepe, inapiga kelele ya kukwaruza na kuacha tope la kahawia. Picha inapotea ndani ya sekunde chache. Hapo simamisha mara moja; kila sentimita unayolazimisha ipite ni picha inayobaki kwenye hedi na hairudi tena. Kanda ya namna hii huwekwa kwenye oveni ya maabara yenye joto la uhakika, nyuzi 50 hadi 54 za Selsiasi, kwa saa 8 au zaidi kulingana na upana wa utepe, kisha huachwa ipoe taratibu kwa muda kama huo na kurekodiwa ndani ya siku chache, kwa sababu unyevu utarudi. Oveni ya jikoni haifai, joto lake hupanda na kushuka. Filamu ya asetati na kanda yenye ukungu zisiguswe na tiba hii kabisa.

Ukungu ndio adui mkubwa wa pwani yetu. Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa unyevu wa hewa hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na juu ya 65 ukungu huanza kuota. Angalia kwenye kidirisha cha kaseti: ukiona unga mweupe au nyuzi kama utando kwenye ukingo wa utepe, kaseti hiyo isiingie kwenye deki. Ikiingia, deki itasambaza mbegu za ukungu kwenye kila kanda itakayofuata. Itie kwenye sanduku lake peke yake na pakiti za chembe za kukaushia unyevu, iache mpaka unga ule ukauke na kulala, kisha fundi mwenye barakoa ya N95 na glovu aufyonze kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana. Kuupuliza kwa mdomo au kwa feni ni kuujaza chumba kizima na mapafu yako.

Maghala mengi yana kiyoyozi, na wengi huamini hilo limetosha. Kinawashwa saa mbili asubuhi, kinazimwa jioni mlinzi anapofunga. Mchana chumba kina nyuzi 18, usiku wa manane kimefika 29 na unyevu umepanda nao, na kanda zinatanuka na kusinyaa kila siku ya Mungu mwaka mzima. Kwa maoni yetu chumba kinachokaa kwenye nyuzi 23 bila kubadilika, kikiwa na mashine ya kupunguza unyevu inayoshikilia asilimia 45, ni bora kuliko chumba cha baridi kali cha mchana peke yake. Kipimo cha unyevu ni kitu kidogo na rahisi kupatikana. Kining'inizwe katikati ya rafu, mbali na mlango, na mtu aandike namba zake asubuhi na jioni. Ndani ya mwezi utajua chumba chako kwa kweli. Kaseti zisimamishwe wima kama vitabu, si kulazwa, utepe ukiwa umerudishwa wote upande mmoja, rafu ya chini ikiwa angalau sentimita 15 juu ya sakafu, na pasiwe na bomba la maji wala choo juu ya dari.

Sasa, kaseti iko mkononi. Hatua ya kwanza haihusiani na deki. Zuia uwezekano wa kufutwa: kwenye U-matic kuna kitufe chekundu cha plastiki upande wa chini, king'olewe, kwenye Betacam kuna kitufe chekundu pembeni, kibonyezwe kiingie ndani, kwenye VHS vunja kile kijikato cha plastiki mgongoni, na kama mtu aliziba tundu kwa selotepu, ibandue. Kisha piga picha ya kaseti pande zote pamoja na ganda lake na kila karatasi iliyomo ndani. Toa namba ya kudumu, iandike kwenye ganda na kwenye kaseti kwa penseli au kalamu ya kumbukumbu, bila kufuta wala kubandua lebo ya zamani hata kama ina makosa. Ganda na kaseti vikitenganishwa, utambulisho umekwenda.

Kama kaseti imetoka chumba cha baridi, iache kwenye chumba cha kazi saa 24 kabla ya kuichezesha. Neno DEW likiwaka kwenye kioo cha deki maana yake dramu, silinda inayozunguka yenye hedi, imeshika umande. Utepe utaganda juu yake na kukatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, utepe unabaki umezungushwa kwenye dramu. Usivute. Chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko, zungusha gia ya mota ya kupakia kwa kidole polepole mpaka utepe urudi wenyewe ndani ya kaseti. Na kwa umeme wetu, deki bila stabilaiza na betri ya akiba ni suala la muda tu. Kinachoungua kwanza ni sehemu ya kupokea umeme, ambayo spea yake haiuzwi tena.

Hapa ndipo penye haraka. Sony waliacha kuuza deki za kitaalamu za utepe wa nusu inchi, zikiwemo za Betacam, mwaka 2016, na Julai mwaka huo huo Funai wa Japani, waliokuwa wamebaki peke yao wakitengeneza deki za VHS, nao wakafunga. Mwaka 2015 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ilionya kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye faili za dijitali kufikia 2025, nyingi zitakuwa zimepotea, na mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa wito kama huo kwa dunia nzima. Mwaka uliotajwa umeshafika. Betacam SP iliyotunzwa vizuri bado ina picha safi kabisa, utepe wake wa metali ni imara. Tatizo ni kwamba hedi za deki huchakaa kwa saa za matumizi na mafundi wanaojua kuzipanga wanastaafu. Kwa hiyo deki iliyokufa isitupwe wala isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Roli za mpira, mikanda, kapasita, hata skrubu zake zitaifufua nyingine. Mzee anayejua kupanga hedi za U-matic aitwe sasa, alipwe, akae na vijana wawili.

Hedi husafishwa kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pamba ya dukani huacha nyuzi zinazonasa. Bana kitambaa taratibu dhidi ya dramu, zungusha dramu kwa mkono, mwendo uwe wa kulala tu. Ukisugua juu na chini unavunja ncha ya hedi, na hedi hiyo hakuna wa kukuuzia nyingine.

Kwenye kunakili, kosa tunaloliona mara nyingi ni kuunganisha deki na kile kifaa kidogo cha USB na kutoa faili ndogo ya kuweka YouTube, kisha kaseti inatupwa kwa kuwa "tayari imeshakuwa dijitali". Faili hiyo imeshabanwa, rangi zimekatwa, na YouTube wataibana tena. Faili ya kuhifadhi inatakiwa itoke kwenye deki nzuri, ipitie kifaa cha kusawazisha mawimbi ya picha ili mistari isiyumbe, na iandikwe kwa biti 10 bila kupoteza kitu. Kwa mfumo wetu wa televisheni, PAL, wenye picha za pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, saa moja isiyobanwa ni kama gigabaiti 100. Ukitumia usimbaji uitwao FFV1 ndani ya faili ya aina ya Matroska, ambao haupotezi hata nukta moja na hauna mwenyewe wa kukudai leseni, inashuka mara nyingi hadi nusu au chini yake. Programu za kazi hii, vrecord kwa kunakili na QCTools kwa kukagua, ni za bure. Kanda za DVCAM na MiniDV ni tofauti: humo picha tayari ni data, kwa hiyo zihamishwe kwa waya wa FireWire kama zilivyo, kama gigabaiti 13 kwa saa, bila kuzipitisha kwenye waya wa analogi.

Sauti zinakiliwe kila njia peke yake. Wapigapicha wengi wa habari waliweka maikrofoni ya mwandishi njia ya kwanza na sauti ya mazingira njia ya pili; fundi akizichanganya kuwa moja, soko lote linazama chini ya sauti ya mwandishi na huwezi kulitoa tena. Picha ibaki na umbo lake la nne kwa tatu. Kuivuta ijaze kioo cha kisasa kunawafanya watu wote kuwa wanene, na kukata juu na chini kunaondoa vichwa na mabango ya maduka. Kila fremu ya kanda hizi ni nusu mbili za mistari zinazopishana; mistari hiyo isiunganishwe kwenye faili ya kuhifadhi. Kazi hiyo ni ya nakala ya kutazama. Na usikate mwanzo na mwisho wa kanda. Pale ambapo mwandishi anarudia maneno yake mara tatu, au mpigapicha ameacha kamera ikizunguka huku watoto wanasogea, mara nyingi ndipo penye mtaa wenyewe.

Kanda iliyotoka Burundi au Kongo inaweza kuwa ya mfumo mwingine wa televisheni, SECAM, na kwenye deki ya PAL itaonekana nyeusi na nyeupe. Msiandike kwenye orodha kwamba haina rangi kabla ya kuijaribu kwenye deki inayofaa.

Faili ikishakamilika, itengenezewe alama ya uhakiki ya MD5 papo hapo, kabla haijahamishwa kokote, ili miaka kumi baadaye mtu aweze kujua kama hata herufi moja imebadilika. Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae mji mwingine. Diski ngumu ya mezani si hifadhi. Inakufa bila kuaga. Kanda za data za LTO ni nafuu kwa wingi, lakini kumbukeni kwamba mashine ya LTO-8, yaani ya kizazi cha nane, husoma LTO-7 na LTO-8 tu, kwa hiyo kuhama kizazi hadi kizazi kuwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kaseti asili isitupwe baada ya yote haya.

Watu hutuuliza kazi ni kubwa kiasi gani. Chukua kaseti 1,000 za dakika 30: ni saa 500 za picha. Kukagua, kusafisha, kunakili kwa mwendo wa kawaida, kuhakiki na kuandika orodha kunachukua kama saa tatu kwa kila saa ya picha, yaani saa 1,500, ambazo ni siku 188 za kazi kwa fundi mmoja. Faili zote zinaingia kwenye terabaiti 25 hivi kwa kila nakala. Halmashauri au chuo kikuu kinaweza kulibeba hilo bila kusubiri mfadhili. Za kuanza ni zile zenye mchanganyiko wa mambo mawili: hazina nakala kokote, na hali yake inazidi kuwa mbaya. Cheo cha aliyemo kisiingie kwenye hesabu.

Tuseme neno kuhusu karatasi, maana ndipo tunapopoteza zaidi. Kila habari ilikuwa na karatasi yake: maneno ya msomaji wa studio, maelezo ya mwandishi, majina ya waliohojiwa, tarehe. Kanda ikawekwa ghala moja, karatasi zikawekwa kwenye mafaili ya chumba cha habari, halafu chumba cha habari kikanunua kompyuta na mafaili yakachomwa. Kaseti yenye "MAJI 3" bila karatasi inaonyesha foleni ya ndoo na haisemi wapi wala lini. Kama mafaili bado yapo, yapigwe picha kabla ya kanda hata moja kuguswa. Yanachukua siku chache tu.

Pasipo karatasi, picha yenyewe inasomwa. Kwenye kanda za Kenya, gari lenye namba ya mfumo wa KAA 001A, yenye herufi moja mwishoni, limesajiliwa kuanzia 1989, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Mabango ya uchaguzi, noti mkononi mwa muuzaji, rangi ya mstari wa daladala, tangazo la kampuni ya simu ukutani, maji ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, vyote ni tarehe. Huishia kwenye mwaka tu, mara chache mwezi. Jina la mtaa na la mtu haviwezi kutoka hapo.

Ndiyo maana barua hii imekuja kwako, Mhariri, badala ya kwenda wizarani. Magazeti mna vitu viwili ambavyo ghala la kanda halina. La kwanza ni majalada ya matoleo ya zamani yenye tarehe kila ukurasa. Habari ya mgomo wa wauza samaki iliyorushwa jioni mara nyingi iko gazetini kesho yake, na majina yake. La pili ni wasomaji. Tunaomba nafasi ya picha moja kwa wiki, iliyogandishwa kutoka kanda isiyotambulika, na maswali matatu chini yake: hapa ni wapi, ni mwaka gani, nani anaonekana.

Kiufundi si jambo gumu. Fremu ya PAL ikipanuliwa kuwa pikseli 768 kwa 576 ili maumbo yake yawe sahihi, kwa nukta 200 kwa inchi inatoa picha yenye upana wa karibu sentimita 10. Ikipanuliwa zaidi inavunjika. Ichukuliwe kutoka kwenye nusu moja ya mistari, la sivyo mtu anayetembea atatoka na meno ya kitana pembeni. Chini yake iwekwe namba ya kanda, na msomaji aitaje anapojibu. Majibu yaandikwe kwenye orodha pamoja na jina la aliyesema na amejuaje: aliishi pale, alikuwepo siku ile, au anakisia. Orodha isibadilishwe mpaka watu wawili wasiofahamiana wakubaliane, na hata hapo maelezo ya mwanzo yabaki.

Kuna picha ambazo hazifai kuchapwa. Kamera za habari ziliingia wodini, ziliwaonyesha watoto waliodhulumiwa kwa sura zao, zilipanga washukiwa mstari mmoja kituo cha polisi kabla mahakama haijasema neno, na wengine waliachiwa huru. Hayo yote yahifadhiwe, lakini kuonyeshwa ni jambo jingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata pasipo sheria, mama aliyepigwa picha akilia miaka 25 iliyopita ana haki ya kuulizwa. Msomaji akiomba picha ya marehemu wake isirudiwe, isirudiwe. Haki za kituo kilichorusha habari nazo zibaki wazi. Kunakili kwa ajili ya kuhifadhi kufanywe kwa makubaliano ya maandishi, ili ghala lisije likafungiwa baada ya kazi kubwa.

Ombi letu la mwisho ni kwa wasomaji wenyewe. Philadelphia, Marekani, mama mmoja, Marion Stokes, alirekodi televisheni nyumbani kwake mfululizo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki 2012, akaacha kanda zipatazo 70,000 ambazo sasa ziko mikononi mwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Sisi hatuhitaji mtu wa namna hiyo. Tunahitaji kanda za VHS zilizo kwenye makabati ya nyumba za kawaida, zenye harusi mwanzoni na taarifa ya habari mwishoni kwa kuwa deki ilisahauliwa ikirekodi. Nyingine zilipelekewa ndugu Muscat au London, ambako mfumo ni PAL kama wetu na zinachezeka bila kubadilishwa. Kwa habari ambazo kituo kilifuta, nakala hiyo yenye chengachenga ndiyo pekee duniani. Mwenye nayo asiijaribu kwenye deki ya zamani iliyokaa stoo miaka mingi; roli yake ya mpira imegeuka lami na itatafuna utepe. Avunje kile kijikato cha mgongoni, aisimamishe wima mahali pakavu, aandike kwenye karatasi anachokumbuka, aiweke na karatasi hiyo, kisha amwone fundi.

Picha kumi za kuanzia tumeshaziandaa kwa vipimo tulivyovitaja, zote za sokoni na za vituo vya daladala, hazina mtoto wala mgonjwa, na kila moja ina namba ya kanda yake. Ukikubali zinaweza kufika mezani kwako wiki hii.

Wako katika kazi,
Mafundi na watunza kanda za televisheni,
Dar es Salaam